Viti vinne, abiria wanne: mbona mkufunzi amekataa?

*"Shikamoo mwalimu. Nina leseni ya rubani binafsi, niliipata mwaka huu, na huwa nakodi Cessna 172S pale uwanja wa Moi, Mombasa. Kuna harusi ya kwetu Lamu, na nimeahidi kuwapeleka mama (kilo 84), mjomba (kilo 95) na mdogo wangu (kilo 78). Mimi nina kilo 72. Mizigo ni kama kilo 50: halua, nguo za harusi na zawadi. Mkufunzi wangu amekataa katakata, asema ndege itazidi uzito. Mjomba haelewi. Ndege ina viti vinne, nyuma kuna nafasi ya mizigo, na barabara ya kurukia ya Moi ina zaidi ya kilomita tatu, Boeing zaruka pale. Tena asema kila kikomo kimewekewa akiba, kuzidisha kidogo si neno. Nimepiga hesabu nyingine: mjomba abaki, mama na mdogo wangu wakae nyuma wapige soga, mizigo yote iende, na mafuta niyapunguze hadi jumla ifike kikomo kamili, isizidi hata kilo moja. Hapo si nitakuwa sawa?"*

Marahaba. Mkufunzi wako ana haki kuhusu safari ya watu wanne, na nitakuonyesha kwa tarakimu ili umweleze mjomba bila kugombana naye. Lakini hesabu yako ya pili, hiyo iliyotimia kwa kilo, ndiyo iliyonifanya nikujibu upesi. Ndege uliyoipanga hivyo haifai kuruka, na mizani haitakwambia. Uzito una maswali mawili: ni kiasi gani, na umekaa wapi. Wewe umejibu la kwanza tu.

Tuanze na viti. Watu wengi hudhani kiti kikiwepo basi mtu wa kukikalia ameshahesabiwa. Kwenye gari dogo hiyo ni kweli karibu kila siku. Kwenye ndege ndogo, mtengenezaji anakupa viti, tangi na sehemu ya mizigo, kisha anakuachia wewe uchague cha kujaza na cha kuacha. Vyote kwa pamoja havijai. 172S hairuhusiwi kuanza kuruka ikiwa na zaidi ya kilo 1,157. Chukua ndege ambayo karatasi yake ya kupimwa inasoma kilo 770 ikiwa tupu, pamoja na oili na yale mafuta kidogo yasiyoweza kutumika. Inabaki nafasi ya kilo 387 kwa kila kitu: watu, mizigo na mafuta. Nyinyi wanne mna kilo 329. Ongeza mizigo yenu 50, mmefika 379. Kilo nane zilizobaki ni za petroli ya ndege, ambayo lita moja ina uzito wa kama kilo 0.72. Hizo ni lita 11. Ndege hii hunywa lita 35 hivi kwa saa, kwa hivyo una mafuta ya dakika zisizofika ishirini kwa safari ya kilomita 250. Na ukijaza tangi, lita 200 zinazotumika, utazidi kikomo kwa kilo 136, yaani karibu asilimia 12. Hakuna namna ya kuipanga safari hiyo ikakubali.

Nimetumia 770 kama mfano. Usichukue tarakimu kutoka kwenye kipeperushi cha mauzo wala kwenye ndege ya rafiki yako. Kila ndege ina karatasi yake, na ndege huongezeka uzito umri unavyokwenda: redio mpya, rangi mpya, viti vilivyoshonwa upya kwa ngozi nzito. Ndege mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa uzito wa mtoto wa shule.

Sasa hoja ya mjomba kuhusu urefu wa barabara. Ni hoja ya mtu mwenye akili, na ina ukweli ndani yake: barabara ndefu hukupa nafasi ya kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Hiyo tu. Ukishaondoka ardhini, kilomita tatu zile zimebaki nyuma na uzito umekuja nawe. Ndege iliyozidi kwa asilimia 12 huhitaji umbali mkubwa zaidi kunyanyuka, kama robo zaidi, na hilo Moi italimeza. Lakini ile kasi ambayo chini yake bawa huachia hewa na kuacha kubeba, nayo inapanda kwa karibu asilimia 6. Kasi ulizofundishwa, zile mkono wako umezizoea, sasa zimekusogeza karibu na hatari bila wewe kuhisi. Na kupanda angani kunategemea nguvu inayobaki baada ya injini kuibeba ndege. Injini yako ina nguvu za farasi 180 na haina zaidi. Ndege nzito inaweza kunyanyuka vizuri kabisa, kisha ikatambaa juu ya paa za Changamwe ikikataa kupanda.

Joto la kwetu linaongeza shida. Uwanja wa Moi uko futi 200 tu juu ya bahari, ndiyo maana watu huona Mombasa ni mahali rahisi pa kuruka ukilinganisha na Wilson, Nairobi, iliyo juu ya futi 5,000. Lakini msimu wa kaskazi, saa saba mchana, kipimajoto kikisoma 32, hewa imetanuka na kuwa nyepesi kiasi kwamba bawa, rafadha (lile panga la mbele) na injini vinafanya kazi kana kwamba uko kama futi 2,300. Unyevu wa pwani unapunguza kidogo tena. Siku ukikata shauri kwenda Amboseli, iliyo juu ya futi 3,700, mchana huohuo utakuta hewa ya zaidi ya futi 6,000. Kitabu cha ndege kina majedwali ya haya yote, na yote yameandikwa kwa kudhani kwamba hujavuka kilo 1,157. Ukivuka, majedwali hayakuhusu tena. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kulichukia neno "kidogo". Hakuna ukurasa wa "kidogo".

Na ile akiba? Ipo, mjomba hakukosea. Ndege ya aina hii imejengwa kuhimili mzigo wa mara 3.8 ya uzito wake halali, na juu ya hapo kuna ziada nyingine ya usalama kabla ya chuma kukatika. Lakini akiba hiyo imeshapangiwa kazi. Ni ya upepo mkali unaokupiga chini ya wingu la mvua ya masika, ni ya rubani anayevuta usukani kwa hofu, ni ya ndege iliyotua vibaya mara nyingi mikononi mwa wanafunzi, na hizi za kukodi zote zimepitia hayo. Ukiitumia asubuhi kubebea halua, mchana ukiihitaji hutaikuta.

Nije sasa kwenye hesabu yako ya watu watatu, maana hapa ndipo penye elimu.

Kila ndege ina kitovu cha uzito, nukta ambayo ungeweza kuininginiza hapo ikakaa sawa bila kuinamia mbele wala nyuma. Kitovu hicho kinahama kulingana na nani amekaa wapi. Kwenye 172 vipimo vinaanzia kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria. Kutoka hapo viti vya mbele viko kama mita 0.94, mafuta 1.22, viti vya nyuma 1.85, na mizigo ya nyuma ya viti 2.41. Unazidisha kila uzito kwa umbali wake, unajumlisha yote, kisha unagawa kwa uzito wote wa ndege. Jibu ndilo mahali kitovu kilipo. Ikiwa na kilo 1,157, kitovu cha 172S lazima kiwe kati ya mita 1.04 na 1.20. Hizo ni sentimita 16. Haifiki hata shibiri ya mkono wako.

Tupige hesabu ya mpango wako. Ndege tupu, kilo 770, na tuseme karatasi yake inaweka kitovu kwenye 1.02: inatoa 785.4. Wewe peke yako mbele, 72 mara 0.94, ni 67.7. Mama na mdogo wako nyuma, 162 mara 1.85, ni 299.7. Mizigo 50 mara 2.41 ni 120.5. Mafuta yaliyobaki ni kilo 103, ambazo ni lita 143 hivi, mara 1.22 ni 125.7. Jumla ni 1,399 kwa kilo 1,157. Gawa, unapata 1.209. Kikomo cha nyuma ni 1.20. Umetoka nje, ingawa kilo zimetimia barabara na hata mizigo haijavuka kilo 54 ambazo sehemu ile inaruhusiwa kubeba.

Utasema ni sentimita moja, haitimii. Basi nikueleze sentimita hiyo ina nini. Kwenye ndege kama yako, kitovu cha uzito hukaa mbele kidogo ya pale bawa linapoinulia, kwa hivyo pua daima inataka kushuka, na mkia unaisawazisha kwa kusukuma chini. Mpango huu ndio unaokulinda. Kasi ikipungua, mkia unasukuma kwa nguvu ndogo zaidi, pua inashuka yenyewe, na kasi inarudi kabla hata hujagundua. Kadiri unavyosogeza uzito nyuma, ulinzi huo unapungua. Usukani unakuwa mwepesi mno, mguso mdogo unainua pua kupita ulivyokusudia, na pua ikishainuka haina hamu ya kurudi. Bawa likiachia hewa, unasukuma usukani mbele na mkia hauna nguvu ya kutosha kuishusha pua. Ndege ikianza kushuka kwa kuzunguka katika hali hiyo, inaweza isikubali kutoka kwenye mzunguko kabisa. Kikomo cha nyuma kiliwekwa pale ambapo marubani wa majaribio walithibitisha kwamba ndege bado inatii. Kupita hapo, wa kuithibitisha ungekuwa wewe, mama yako akiwa kiti cha nyuma.

Fikiria unakaribia kutua Manda, uwanja wa Lamu, flapu (vile vibawa vya nyuma ya bawa) zimeshuka zote, umeweka trimu, kile kirekebisho cha mkia, ya pua juu, mara punda au mtu anakatiza barabara na unaamua kuondoka tena. Unaipa injini nguvu zote. Hata ndege iliyopangwa vyema huinua pua kwa nguvu wakati huo na inabidi uikandamize kwa kiganja. Iliyolemea nyuma huinuka zaidi, karibu kabisa na ardhi, na kasi ikiwa ndogo.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili upya. Nahodha wa jahazi akipakia shehena yote tezi, yaani nyuma, omo la mbele likanyanyuka, hatang'oa nanga hata kama chombo kina nafasi ya magunia mia zaidi. Atahamisha farumi, ule uzito wa kusawazisha chombo, kwanza.

Nawe dawa yako ni hiyohiyo, na ni nyepesi. Mama akae mbele karibu nawe, mdogo wako nyuma. Hakuna kilo iliyoongezeka wala kupungua, lakini mama amesogea mbele sentimita 91, na kitovu cha ndege nzima kimerudi kutoka 1.209 hadi 1.143, karibu na katikati ya nafasi yako. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu, utaona kiti kimoja kinavyofanya kazi. Soga zao watapigia kwenye hedseti.

Kisha tazama hali itakavyokuwa mafuta yakipungua, si wakati wa kuondoka tu. Kwenye 172 matangi yako karibu na kitovu, kwa hivyo kuungua kwa mafuta hakuhamishi sana. Kuna ndege nyingine, Beechcraft Bonanza ikiwa mfano maarufu, ambazo mafuta yako mbele ya kitovu. Rubani anaondoka akiwa ndani ya kikomo na anafika amelemea nyuma. Ukihamia ndege nyingine, usiende na mazoea ya hii.

Lita 143 zinatosha? Kwenda ni kama saa moja na robo, na wakati wa kaskazi utakuwa unaikabili, kwa hivyo hesabu saa moja u nusu. Kurudi kutakuwa kwepesi zaidi. Ukiweka akiba ya dakika 45 pamoja na mafuta ya kutembea ardhini na kupanda, unaikaribia 143 kuliko ninavyopenda. Ningekushauri mizigo ipungue kilo 15. Kilo hizo ukizigeuza mafuta ni lita 20 zaidi, na sehemu ya nyuma inapungua uzito. Uliza mapema, kwa simu, kama petroli ya ndege, si mafuta ya ndege za jeti, inapatikana Manda au Malindi siku hiyo. Usiondoke kwa kutumaini. Na kamwe usipunguze mafuta chini ya akiba ili kumtosheleza mtu kiti. Hapo unakuwa umebadilisha hatari moja kwa nyingine.

Kuhusu vipimo vyenyewe, nakuomba uwapime watu kweli, usiwaulize. Watu hutaja uzito wa miaka mitano iliyopita, na huutaja bila viatu. Najua si jambo jepesi kumwambia mama yako apande mizani. Ipeleke mizani nyumbani siku moja kabla, panda wewe mwanzo, kisha mwombe apande na mkoba wake na buibui, kama atakavyosafiri, andika tarakimu kimya bila kuisoma kwa sauti. Mizigo ipime moja moja kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Katoni ya halua ni nzito kuliko inavyoonekana. Kuwa makini na vipimo, maana kitabu chako kimeandikwa kwa pauni na inchi, mizani inasoma kilo, na pampu inatoa lita. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu pauni zilichukuliwa kuwa kilo. Ilitua bila injini na watu wakapona. Ukishapakia, funga mizigo kwa wavu. Kilo 35 zisizofungwa zinaweza kuhama peke yake.

Na usiamini macho. Ukisimama kando ya ndege iliyolemea nyuma unaweza kuona ule mrija unaong'aa wa gurudumu la mbele umechomoza kupita kawaida na mkia umeinama. Hiyo ni dalili ya kukufanya urudie hesabu. Lakini ndege ikionekana imekaa vizuri, bado hujajua kitu.

Usione mambo haya ni ya wanafunzi. Tarehe 25 Agosti 2001, Cessna 402 ilianguka Marsh Harbour, Bahamas, mara tu baada ya kuruka, wakafa wote tisa, akiwemo mwimbaji Aaliyah. Uchunguzi ulikuta imezidi uzito kwa mamia ya pauni na kitovu kimepita kikomo cha nyuma. Tarehe 8 Januari 2003, Beechcraft 1900 ilianguka Charlotte, Marekani, wakafa watu 21. Ile kisheria ilionekana iko sawa kwenye karatasi, lakini abiria walihesabiwa kwa wastani wa zamani, chini ya uzito wao halisi, kitovu kikapita nyuma. Na waya za usukani wa mkia zilikuwa zimefungwa vibaya, mkia ukakosa nguvu ya kushusha pua. Lolote kati ya hayo mawili, likiwa peke yake, huenda lingestahimilika.

Mjomba je? Ana njia tatu za heshima. Unaweza kufanya safari mbili, ghali lakini halali. Anaweza kupanda basi hadi Mokowe na mashua ya kuvukia Lamu, akatangulia na mizigo yote, jambo ambalo lingekuondolea shida ya sehemu ya nyuma kabisa. Au ukodi ndege kubwa zaidi, kama Cessna 206, yenye kikomo cha kilo 1,633, lakini hiyo hutairusha bila kufundishwa kwanza, na yenyewe ina tabia tofauti: ikiwa na watu wawili tu mbele huwa nzito puani, na asiyeizoea huigonga chini kwa gurudumu la mbele. Kwa harusi ya mwezi huu, ningechagua basi. Jambo moja zaidi: leseni yako ni ya binafsi, kwa hivyo ndugu wasikulipe nauli.

Kabla ya safari, mtafute mkufunzi wako ana kwa ana mkiwa na karatasi ya ndege ileile mtakayoruka nayo, si ya ndege nyingine ya aina hiyo, na mfanye jedwali pamoja. Ikiwa karatasi ni ya zamani au ndege imefungwa vifaa vipya ambavyo havimo, mwone fundi mwenye leseni anayeitunza. Yeye ndiye mwenye haki ya kuisahihisha. Kisha mwombe mkufunzi mruke mizunguko michache ndege ikiwa karibu na kikomo. Hadi sasa umeirusha na watu wawili na tangi nusu, na ikijaa utaiona nzito kunyanyuka na yenye kuelea tofauti unapotua. Na kama umewahi kuiruka imezidi, au ikatua kwa kishindo, mwambie fundi kabla mwingine hajaipanda. Atakagua miguu ya magurudumu na ukuta wa injini, na ni kazi isiyochukua siku nzima.

Mjomba akiendelea kukushinikiza, mlete uwanjani. Mkufunzi atamwekea jedwali mezani, amwachie ajaze kilo zake mwenyewe.